Msamiati wa Sanaa Tunao

Limekuwa jambo la kawaida, kila inapozungumzwa habari ya kufundisha uchoraji, uchongaji na usanifu kwa Kiswahili, kuwasikia watu wenye elimu wakisema kwamba lugha yetu haina maneno ya kazi hiyo. Husema hivyo pasipo haya, na aghalabu pasipo kuchunguza. Kwa maoni yao, Kiswahili ni lugha nzuri ya hotuba, ya ushairi na ya soko. Lakini inapofika zamu ya kueleza picha, umbo au rangi, hapana budi msemaji aende kuazima. Basi mwanafunzi wa sekondari akiulizwa aieleze picha iliyo mbele yake, hujibu kwamba "kompozisheni" yake ni nzuri, ina "balansi", na "tekscha" yake imetokeza. Akiombwa afafanue alichokisema, hunyamaza. Maneno amepewa, maana hakupewa.

Insha hii inalipinga dai hilo. Inasema kwamba msamiati wa msingi wa sanaa tunao. Kwamba umo vinywani mwa wasusi, wafinyanzi, wachongaji, maseremala na wachuuzi wa nguo. Na kwamba tatizo letu si umaskini wa lugha, bali ni uvivu wa kuwasikiliza wenye lugha. Tena inalipinga kosa la pili, ambalo ni ndugu wa lile la kwanza: nalo ni kukaa ofisini na kuviundia majina mapya vitu ambavyo tayari vina majina.

Neno "sanaa" lenyewe

Tuanze na neno sanaa. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni kazi ya ufundi, kazi ya kutengeneza kitu kwa mikono na kwa ujuzi. Lilipoingia katika Kiswahili halikuiacha maana hiyo. Jahazi lililoundwa vizuri lilikuwa na sanaa yake, na mlango ulionakshiwa ulikuwa na sanaa yake, kama vile shairi lililopangika lilivyokuwa na sanaa yake. Na fundi naye hakuwa mtu wa chini. Tunaye fundi mwashi na fundi cherehani, lakini pia humsifu mshairi hodari kwa kumwita fundi wa mashairi. Lugha haikumweka mmoja juu na mwingine chini.

Ule mgawanyiko wa kuiita picha ya ukutani "sanaa", na mkeka ulio sakafuni "kazi za mikono" tu, haukuzaliwa katika lugha hii. Umeletwa na shule. Somo la sanaa katika Afrika Mashariki lilikuzwa kwa kiasi kikubwa Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha mwaka 1937. Haki ni haki: mwalimu huyo aliwahimiza wanafunzi wake wachore maisha ya kwao. Miongoni mwao alikuwamo Sam Ntiro wa Kilimanjaro, ambaye picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi usiku kwa bibi harusi ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1960. Mada ya picha ile ni ya Uchagani kabisa. Lakini mazungumzo ya darasani juu ya mada kama hiyo, yaani kuhusu mistari yake, rangi zake na mpangilio wake, yalifanyika kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyopata wasomi walioichora migomba ya kwao na kuijadili kwa maneno ya watu wengine.

Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumiwa sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo hadi leo mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza anaupita mlango ambapo maneno ya mama yake huachwa nje. Katika somo la fizikia hasara hiyo ni kubwa. Katika somo la sanaa ni kubwa zaidi, kwa sababu mama yake huenda ndiye msanii.

Kanga, shanga na nembo

Wanaodai kwamba hatuna maneno na waitazame kanga. Hakuna nyumba ya Mswahili isiyokuwa nayo, na kila binti anayeikata na kuipinda anajua kwamba kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo ni ile sehemu inayozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Jina ni yale maneno yaliyopigwa chapa upande wa chini wa mji. Hapa pana somo zima la mpangilio. Mwanafunzi anayetaka kubuni bango, jalada la kitabu au nembo ya chama cha ushirika anahitaji kujua mambo hayo hayo: mpaka uwe wapi, uwanja uwe na upana gani, kitu kikuu kikae wapi, na maandishi yasizibe wala yasizibwe. Mwalimu akisema, "Bango lako lina pindo nene mno, mji umebanwa," hakuna mtoto asiyemwelewa. Akiyasema hayo kwa maneno ya kuazima, darasa litayanakili na kuyasahau.

Tutazame tena kitenzi kutunga. Mshairi hutunga shairi. Lakini kabla ya shairi kuna shanga: mtu huzichukua moja moja, akazichagua kwa rangi na ukubwa, akazitia uzi kwa utaratibu alioukusudia, nako huko pia huitwa kutunga. Lugha imeona kwamba kazi hizi ni moja. Kila moja ni kuchagua, kupanga na kuunganisha vitu vidogo ili viwe kitu kizima. Basi kuna haja gani ya "kompozisheni"? Picha ina utunzi. Mchoraji ameitunga. Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini mchoraji amemtunga mtu huyu mbele na mti ule nyuma, umemuuliza swali la kisanaa kwa neno ambalo bibi yake analijua.

Mfano wa tatu ni neno nembo. Siku hizi kila mtu husema Nembo ya Taifa, akikusudia ile ngao inayoshikwa na mwanamume na mwanamke, yenye mwenge, mkuki, jembe na shoka, na maneno "Uhuru na Umoja". Wachache hukumbuka kwamba nembo, kwa asili, ni chale na michoro ya mwilini iliyomtambulisha mtu kuwa ni wa jamii fulani. Wamakonde walisifika sana kwa nembo hizo. Nchi ilipohitaji jina la alama inayoitambulisha, haikwenda kuazima wala haikuunda neno la ajabu. Ililitwaa neno la sanaa ya mwili, nalo likaenea mpaka mahakamani, benki na viwandani. Ikiwa neno lililokuwa likikaa usoni mwa mzee wa Newala limeweza kukaa juu ya karatasi za Serikali, kwa nini lile la mfinyanzi lisiweze kukaa katika kitabu cha kidato cha pili?

Habari ya rangi

Hoja inayopendwa sana na wapinzani wetu ni hii: Kiswahili kina rangi tatu tu. Wanasema ni nyeupe, nyeusi na nyekundu peke yake zinazokubali viambishi vya ngeli, tukasema kitambaa cheupe, nguo nyeusi, udongo mwekundu. Zilizobaki zote hutajwa kwa kusema "rangi ya" kitu fulani. Hilo ni kweli. Tena rangi hizo zina ukongwe wake: katika michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, zinazotawala ni nyekundu na nyeupe. Lakini kutoka ukweli huo hadi kusema kwamba Mswahili haoni au hataji rangi nyingine ni kuruka mto pasipo daraja.

Hebu zihesabiwe. Kijani ni ya majani, na chanikiwiti ni kijani kinachong'aa. Manjano ni ile bizari. Kahawia ni ya kahawa na kijivu ni ya jivu. Zambarau ni ya tunda lake. Samawati ni ya mbingu. Tuna nili, tuna hudhurungi, tuna urujuani, tuna rangi ya waridi, ya chungwa, ya ugoro na ya damu ya mzee. Kwa ngozi ya binadamu tuna maji ya kunde, jina ambalo mchoraji wa sura za watu hawezi kupata bora kuliko hilo, kwa kuwa linamwonyesha ni weusi gani uliochanganyika na wekundu gani. Majina haya yametoka jikoni, shambani na angani. Mwanafunzi halazimiki kuyakariri kutoka katika chati ya dukani, anakwenda kuyatazama.

Tena si majina tu. Lugha ina vitenzi vinavyoeleza hali ya rangi kwa uangalifu mkubwa. Rangi hukolea inapokuwa nzito na kushika barabara. Na anayeichovya nguo mara ya pili ili ishike zaidi anaikoza. Rangi hufifia nguvu yake inapopungua. Nguo huchujuka rangi inapotoka kwa maji. Kitu hupauka kinapoingiwa na weupe wa vumbi au wa ukavu, kama ngozi isiyopakwa mafuta. Hali nne, vitenzi vinne tofauti. Mwalimu anayetaka kufundisha jinsi rangi moja inavyoweza kuwa na nguvu nyingi au chache, anavyo vyombo vyote. Amwambie mwanafunzi achore kanga ileile mara tatu: mpya iliyokolea, kuukuu iliyochujuka, na ile iliyoanikwa juani hata ikapauka. Akimaliza atakuwa amejifunza zaidi ya aliyekariri fasili tano.

Kivuli na uvuli

Wengine husema: "Sawa, maneno yapo, lakini ni maneno ya watu wa kawaida. Hayana ukali wa kitaalamu." Hawa nao wajibiwe kwa mfano.

Kiswahili kina neno kivuli na kina neno uvuli. Ni kweli kwamba siku hizi wengi huyachanganya, lakini aliyelelewa katika lugha anajua tofauti. Uvuli ni hali: ni pahali ambapo jua halifiki, watu hukaa wakapumzika. Kivuli ni umbo: kina kichwa na mikono, humfuata mwenyewe, hurefuka jioni na kufupika adhuhuri. Sasa weka chungu mezani karibu na dirisha. Ule upande wa chungu usiopigwa na mwanga una uvuli. Lile umbo jeusi linalolala juu ya meza ni kivuli. Kila anayejifunza kuchora hukutana na mambo haya mawili, na asipoyatofautisha hukitia weusi chungu chake ovyo hata kikaonekana kinaelea hewani. Lugha ilikwisha kuyatofautisha zamani. Sisi ndio tulioipuuza tofauti, kisha tukalalamika kwamba haipo.

Chukua pia habari ya uwiano. Wazee wetu hawakupima kwa rula. Walipima kwa mwili. Shibiri ni upana wa kiganja kilichotandazwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri 2 ni dhiraa 1, yaani kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa 2 ni wari 1, na wari 2 ni pima 1, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Na pima ya mtu hukaribia sana kimo chake. Mwalimu anayetaka kufundisha namna ya kumchora binadamu, asiye na kichwa kikubwa mno wala mikono mifupi mno, hana sababu ya kutafuta kanuni za mbali. Wanafunzi wasimame, wapimane kwa shibiri na dhiraa, waone sehemu moja ya mwili inavyowiana na nyingine. Watachora vizuri, na watajua kwamba mafundi wa kale wa pwani walikuwa na hesabu yao.

Habari ya urari ni nyepesi zaidi. Hakuna mwanafunzi wa sekondari asiyefundishwa urari wa vina na mizani katika mashairi. Anajua kwamba mizani ni kipimo kinachorudiwa bila kuvunjika, na kwamba kina ni mlio unaorejea mahali palepale. Basi na auchukue mkeka wa ukindu. Msusi husuka ukili kwa kuhesabu, na ua lake hurejea baada ya hesabu ileile. Akikosea hesabu, ua huvunjika kama ubeti uliopungukiwa mizani. Aitazame milango ya Zanzibar: katikati umesimama mfaa, kushoto na kulia zimo mbao mbili zinazolingana, miimo imebeba nakshi zinazokwenda sambamba, na juu yake kizingiti kimebeba uzito wote wa mapambo. Huo ni urari wa jicho. Mwenye kuujua ule wa sikio hahitaji kuufundishwa upya. Anahitaji kuonyeshwa tu kwamba ndio huo huo.

Hata uso wa kitu una maneno yake. Kuna uso laini, kuna nyororo, kuna unaoteleza, kuna unaokwaruza na kuna unaoparuza. Seremala anaposugua ubao kwa msasa anatumia jina ambalo kwanza ni la mti, ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalitumika kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani kufika. Karatasi ilipokuja, ilipewa jina la jani. Lugha inayofanya hivyo haiwezi kuitwa lugha iliyolala.

Juu ya kuazima

Hata hivyo tusije tukatumbukia upande wa pili. Wako wanaotaka kila neno liwe "safi", na kila lenye asili ya ng'ambo lifukuzwe. Hao wakifuatwa, itabidi wamfukuze hata rangi, kwa maana neno hilo lilitujia kwa njia ya biashara ya Uajemi na Bara Hindi. Wafukuze nakshi, na neno sanaa lenyewe. Kuazima si dhambi. Lakini tutazame jinsi maneno hayo yalivyoazimwa. Neno randa liliingia pamoja na randa lenyewe, mkononi mwa fundi aliyelitumia kila siku hata likawa lake. Neno likija na kazi, hukaa. Neno likija peke yake ndani ya kitabu, hubaki mgeni.

Kwa sababu hiyo tusione haya kusema skrini, programu na piseli, madhali vijana wetu wanavishika vitu hivyo na kuvifanyia kazi ya usanifu. Wala tusione haya kukiri kwamba yako maarifa yaliyotoka mbali, kama ile kanuni ya Waitalia wa karne ya 15 ya kuchora mistari inayokutana mahali pamoja ili picha ionekane ina kina. Lakini hata kanuni hiyo yaelezeka: barabara iliyonyooka, mbele ya macho yetu, pande zake mbili hukaribiana hata zikakutana katika upeo wa macho. Mwalimu akisema "mistari inayoelekea upeoni", amefundisha. Jina la kitaalamu na lije baadaye, liwekwe juu ya maana iliyokwisha kueleweka.

Tena si lazima kuazima kuwe ng'ambo. Neno ngeli limetoka Kihaya, na ikulu ni neno la Unyamwezini. Leo ni Kiswahili sanifu na hakuna anayeyashangaa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa Lyulilo karibu na Matema kando ya Ziwa Nyasa, wana majina ya kila hatua ya kazi yao, toka udongo hadi moto. Wachongaji wa Kimakonde wana majina ya sehemu za mpingo na ya namna za kuukata. Hiyo ndiyo benki yetu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifu maneno. Lakini halina la kusanifu ikiwa hakuna aliyekwenda kuyaokota.

Mwenye kutaja ndiye mwenye kuhukumu

Huenda msomaji akauliza: kwani pana hasara gani? Mchongaji atachonga tu, awe ana istilahi au hana. Jibu ni kwamba anayekitaja kitu ndiye anayekiwekea thamani.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, na alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya kung'aa ipakwayo baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache aliwafundisha vijana wachache, nao wakafundisha wengine, hata mtindo wake ukaenea duniani. Lakini waandishi wengi wa nje waliuweka katika fungu ambalo jina lake, kwa Kiswahili, twaweza kulifasiri kuwa "sanaa ya wasiojua". Nasi tukaupokea msemo huo, tukawafundisha watoto wetu. Hakuna aliyesimama kueleza, kwa lugha ambayo Tingatinga mwenyewe aliisema, jinsi alivyomtunga mnyama mmoja mkubwa katika uwanja wa rangi moja, jinsi alivyoyapanga mabaka na madoa, na jinsi alivyoukoza mstari. Kama tungalisema hayo mapema, "wasiojua" wangalijulikana ni nani.

Sasa linganisha na vinyago. Mtindo wa watu wanaobebana katika nguzo moja, unaohusishwa na Yakobo Sangwani, na ule wa viumbe wa ajabu, unaohusishwa na Samaki Likankoa, ilipata majina kwa lugha ya hapa: ujamaa na shetani. Leo ukiingia katika makumbusho ya Ulaya au ya Marekani utayakuta maneno hayo hayo yameandikwa chini ya vinyago. Dunia haikuona taabu kuyaazima, kwa sababu sisi tulitaja kwanza. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba anayetangulia kutaja huazimwa, na anayechelewa huazima.

Iko hasara nyingine iliyo karibu zaidi na mfuko. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii dhidi ya mtu anayenakili kazi yake. Lakini mlalamikaji hana budi kueleza kilichonakiliwa. Je, ni mstari? Ni utunzi? Ni nakshi ya pindo? Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Basi msusi wa vikapu aliyeibiwa ua lake atasimama mbele ya hakimu kueleza kwa Kiswahili, na hakimu atapaswa kuelewa kwa Kiswahili. Wote wawili wamepita katika shule zetu. Ikiwa hatukuwapa maneno, tumemnyima mmoja haki yake na mwingine uwezo wa kuitoa.

Kazi ya mwalimu na mwanafunzi

Wako walimu watakaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na kwamba kufundisha maneno haya ni kumpotezea mtoto muda. Hofu yao ina msingi, wala haifai kubezwa. Lakini anayeijua tofauti ya uvuli na kivuli kwa macho yake atajifunza majina yake ya Kiingereza kwa dakika moja. Asiyeijua, hata akiyakariri majina hayo kwa mwaka mzima, atachora chungu kinachoelea. Njia ya kuufaulu mtihani wa lugha ya wengine hupitia katika maarifa yanayoeleweka kwa lugha yako.

Kwa hiyo mwalimu aanze na kitu, si na fasili. Alete kanga, mkeka, chungu, kofia ya viua, kiti kilichochongwa. Amwalike fundi darasani, amheshimu kama mwalimu mwenzake, na amwombe ataje vifaa vyake na hatua za kazi yake: tezo, patasi, keekee, bikari, kiolezo. Wanafunzi wayaandike maneno hayo daftarini pamoja na picha ya kitu, sentensi moja aliyoisema fundi, na mahali neno lilipopatikana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na maneno ni mali inayopotea upesi kuliko nyingine zote, kwa kuwa kila mzee anayezikwa huondoka na fungu lake.

Na liwepo zoezi moja la mara kwa mara. Mwanafunzi mmoja apewe kanga asiyoiona mwenzake, amweleze kwa Kiswahili kitupu: pindo lake, mji wake, maumbo yake, rangi zake na ukolevu wake. Mwenzake achore kwa kusikia tu. Kisha kanga na mchoro viwekwe pamoja. Pale mchoro ulipokosea, darasa litafute neno lililokosekana au lililotumiwa vibaya. Zoezi hilo halihitaji fedha wala vitabu kutoka ng'ambo, na litaonyesha kwa uwazi ni maneno gani tuliyo nayo na ni machache gani kwa kweli hatuna.

Hayo machache ndiyo tukayaunde, au tukayaazime. Lakini twende kuyatafuta tukiwa tumekwisha kuhesabu yaliyomo ghalani. Hakuna mkulima anayekwenda kukopa mahindi kwa jirani kabla ya kufungua ghala lake mwenyewe. Na akifanya hivyo, jirani humcheka, na panya hula mahindi yake.